Kinyonga wa mwanangu hali, na mavyaa hamtaki nyumbani

Assalaam aleikum Shangazi,

Naandika nikiwa ukumbini, watu wote wamelala. Naona haya kusema kwamba kinachonifanya niandike barua ni mnyama mdogo asiyejaza kiganja, lakini leo ni siku ya tano sipati usingizi, na kila ninayemgusia jambo hili ananicheka.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mavyaa wangu. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja kila baada ya miezi miwili. Mwanangu wa kwanza ana miaka 10. Ni mpole, wa maneno machache. Wenziwe wakienda gatini kuruka majini, yeye hukaa barazani akitazama punda wakipita.

Wiki mbili zilizopita alikwenda na mjomba wake shambani Matondoni kuangua maembe. Tawi moja lilikatwa, na juu yake akamwona kinyonga mdogo, hata urefu wa kidole changu cha shahada hafiki. Akaja naye nyumbani ndani ya kofia yake ya chuoni, ya madrasa.

Shangazi, sijui nikueleze vipi furaha ya mtoto huyu. Mimi ambaye nilikuwa namvuta maneno mdomoni, sasa ananiamsha baada ya sala ya alfajiri kuniambia kinyonga ametazama mbele kwa jicho moja na nyuma kwa jingine. Anamhadithia nduguye mdogo. Anampigia babake simu kumweleza rangi alizobadilika siku hiyo.

Tumemtia katika dumu la plastiki la lita 5. Nililikata shingo, mtoto akatia kijiti ndani, juu tukafunika kitambaa. Liko chumba cha chini, kwa sababu kule juu mavyaa hataki kuliona. Siku za kwanza kinyonga alikula. Mjomba alikuwa ametuletea panzi wadogo kwenye chupa, mtoto akiwaachia mmoja mmoja, ulimi unatoka na panzi hayupo. Panzi walipokwisha ndipo shida ilipoanza. Huku mjini panzi tuwapate wapi? Mwanangu akawa anaokota nzi waliokufa pale dirishani, kila bibi yake akishapuliza dawa ya mbu. Kinyonga hawataki. Tumejaribu wali, tumejaribu ndizi mbivu, nikampa tone la maziwa kwa kijiko. Hagusi. Ni siku ya tano sasa. Macho yameingia ndani, rangi imekuwa nyeusi nyeusi, na mchana kutwa amefumba macho.

Mavyaa anasema kinyonga ni nuksi, kwamba hutema mate yanayopofua, na nyumba yenye kinyonga haina baraka. Juzi alisimama mlangoni akaniambia, "Nyumba hini ni yangu, na nyama huyu sikumkaribisha." Nilimpigia mume wangu simu. Akasema, "Mwache mtoto acheze." Yeye yuko Mombasa, lakini mimi ndiye ninayekula sahani moja na mamake.

Nimeamua, au niseme nimekaribia kuamua, usiku wa Ijumaa nimtoe kimya kimya nimwache penye maua ya jirani, asubuhi nimwambie mtoto kwamba ametoroka. Lakini jana usiku mwanangu aliniuliza, "Mama, akifa, nitakuwa nimemuua mimi?" Sikupata la kumjibu. Nikamwambia alale.

Nifanye nini, Shangazi? Huyu kinyonga anataka kula nini? Na je, uongo mdogo kama huu wa kumpumzisha mtoto nao ni dhambi?

Mama wa Mkomani

---

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usione haya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale mtoto alipokuuliza swali lile usiku niliiweka chini kwanza. Umeniletea mambo yaliyoshikana: mnyama asiyekula, mwenye nyumba asiyemtaka, na neno unalopanga kumwambia mtoto Ijumaa. Wewe mwenyewe uko katikati, na kila upande unakutazama wewe. Niruhusu nianze na mnyama, kwa sababu mavyaa na mtoto wanaweza kungoja hadi kesho, ila yeye huenda asiweze.

Umeandika kwamba hawataki wale nzi, na kwamba vingine hagusi. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kupotea. Kinyonga hawindi kitu kilichotulia. Macho yake hutafuta kinachotembea. Kikitembea, macho yote mawili hugeuka mbele, hupima umbali, kisha ulimi hutoka, na ulimi huo unaweza kukaribia mara 2 ya urefu wa mwili wake ukiacha mkia. Nzi mfu kwake ni kama jani lililoanguka. Wali ni kama mchanga. Kwa hiyo mwanao hajakataliwa, na ningependa alijue hilo leo. Kiumbe huyu hakugoma kula, ni kwamba tangu panzi walipokwisha hajaona chakula.

Na ashukuriwe Mungu kwamba wale nzi hakuwala. Walikufa kwa dawa ya mbu, na dawa ile ile ingeingia tumboni mwake. Mdudu yeyote aliyepuliziwa dawa, au aliyeokotwa kwenye mboga zilizopigwa dawa, asimkaribie. Nzi wa chooni pia mwachilieni mbali. Ndizi na maziwa viacheni kabisa, tumbo lake halikuumbiwa hivyo.

Lakini kabla ya chakula, maji. Hukuniandikia kama anakunywa, na macho yaliyoingia ndani mara nyingi ni alama ya kiu. Kinyonga hajui bakuli. Porini hunywa umande na matone ya mvua yaliyoning'inia kwenye majani. Chukua chupa ya kupulizia, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, uioshe vizuri sana isibaki sabuni, utie maji safi. Nyunyiza majani yanayomzunguka asubuhi na jioni, polepole, kwa dakika kadhaa, mpaka matone yasimame. Wengine hutoboa kopo kwa sindano, wakalitundika juu, tone likaanguka jani kwa jani. Akianza kunywa mtamwona anatafuna hewa, mdomo unafunguka na kufunga. Msimfungue mdomo kwa nguvu mkamtilia maji, maana yanaweza kwenda mapafuni.

Sasa lile dumu. Najua ulilikata kwa mapenzi, lakini halipitishi hewa, na likiwekwa juani litamchemsha. Tena plastiki na kioo huzuia ile sehemu ya mwanga wa jua anayoihitaji ili mwili wake utengeneze vitamini D. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vyumba vya chini vyenye kivuli kizuri kwetu sisi, lakini kwake ni usiku mchana na usiku. Rangi ile nyeusi na macho kufumba mchana ni dalili kwamba hali yake si nzuri: baridi, hofu, kiu, au ugonjwa, na kwa barua sitaweza kukuambia ni ipi. Kama mna kiwanda, yaani uwanja wa ndani ya nyumba, chenye mwanga, tengenezeni fremu ya miti, mzungushie wavu wa chandarua, ndani mtie chungu chenye mti mdogo wa asumini na vijiti vyembamba vya kushika. Asubuhi apate jua lenyewe nusu saa hivi, na kivuli kiwepo karibu ili ahame akitaka.

Nikujibu sasa ulichoniuliza, anataka kula nini. Kinyonga mdogo kama huyo hula kila siku, mara mbili au tatu, na kwa siku anaweza kumaliza wadudu 10 hadi 12. Kipimo cha mdudu ni nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili. Mdudu asizidi upana huo. Kwa hiyo hata baadhi ya panzi mliokuwa nao huenda walikuwa wakubwa. Vile viinzi vidogo vinavyojaa kwenye maembe yaliyoiva kupita kiasi ndivyo chakula chake hasa. Na mjini Lamu, msimu huu wa maembe, hivyo hamtavikosa. Mwambie mwanao atie maganda ya embe na ndizi kwenye kopo, aliache wazi barazani mchana mmoja, kisha afunike kwa kitambaa chepesi. Vitataga humo humo, na baada ya siku 10 hivi kopo litakuwa na kizazi kipya. Akilifungua ndani ya wavu, vitatoka vyenyewe. Nyenje wadogo, panzi wachanga, mchwa, nondo wadogo wanaozunguka taa, vyote vinafaa. Msimpe vimulimuli, vina sumu kwake. Viwavi vyenye manyoya, hapana. Siafu na majimoto msiwaache wapande kwenye wavu, maana watamuuma. Na jioni muwatoe nyenje waliobaki, kwa sababu usiku yeye amelala na wao huweza kumtafuna ngozi.

Kuna jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Wadudu wa kufugwa hawana chokaa ya kutosha kwa mifupa inayokua. Kinyonga mchanga akila wadudu watupu na jua asipate, taya hulainika, miguu hupinda, na siku moja anashindwa hata kurusha ulimi. Ninyi wa pwani mna dawa yake miguuni. Ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ambao wafugaji wa ndege huutundika ndani ya tundu, ni chokaa. Ulowekeni kwenye maji ya kunywa siku mbili tatu mkibadilisha maji ili chumvi itoke, uanikwe, usagwe uwe laini kama poda. Wadudu watikiswe kwenye poda kidogo kabla ya kumwachia. Nyenje wenyewe washibishwe siku moja kabla: mchicha, karoti, kipande cha boga. Anachokula mdudu ndicho atakachokula kinyonga.

Nimekaa sana hapa, mwanangu, kwa sababu nataka uone ukubwa wa kazi kabla ya kuamua. Mtoto wa miaka 10 anakwenda shule, anakwenda chuo. Nani atanyunyiza maji akichelewa? Mvua zikipita na viinzi vikipungua, nani atakwenda Matondoni kutafuta panzi? Kinyonga anayeonekana sana pwani yetu, yule mwenye vipande vya ngozi kisogoni kama vijisikio, akikua anaweza kufika sentimita 25 hadi 30 pamoja na mkia. Akiwa jike, hata bila dume anaweza kupata mayai, na asipopata udongo wa kuchimba yanaweza kumkwama na kumuua. Hayo yote yamo katika neno moja tunalolitamka upesi, kufuga.

Tena kuna sheria. Hapa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumchukua mnyama wa porini akamfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sikuambii ili nikutishe. Mtoto alimwokota mnyama kwenye tawi lililokatwa, na nia yake ilikuwa safi. Lakini ukiwaza kukaa naye kwa miezi, kuzungumza na maafisa wao ni sehemu ya uamuzi wako, na wao wanajua pia mahali pazuri pa kumrudisha.

Nije kwa mavyaa. Hofu ya kinyonga ni ya zamani na imeenea sana, hakuibuni yeye. Ninaweza kukuhakikishia kwamba kinyonga hana sumu wala hatemi mate ya kupofua mtu. Wengine humchanganya na mjusi kafiri, ambaye hadithi za Mtume za kumuua zinajulikana. Huyu ni mwingine, na kwa upande wa dini sheikh wa mtaa wenu atalieleza kuliko mimi. Hata hivyo, katika jambo moja bibi ana haki bila kujua. Wanyama wa jamii ya mijusi wanaweza kubeba vijidudu vinavyoitwa salmonela, vinavyoharisha na kutapisha, na vinawaumiza zaidi watoto wadogo na wazee. Anayemshika lazima anawe kwa sabuni. Vyombo vyake visioshwe jikoni. Kama una mdogo anayetia kila kitu mdomoni, wavu ukae asikofika.

Naomba nikuulize kitu, usikasirike. Umeniambia mavyaa amekataa, lakini sikuona mahali ulipoandika kwamba aliombwa. Aliamka akakuta mnyama anayemwogopa yuko ndani ya nyumba yake. Lile neno "sikumkaribisha" mimi sikulisikia kama ukali mtupu. Je, mwanao amewahi kukaa karibu na bibi yake akamweleza anachokuhadithia wewe alfajiri? Huenda jibu likabaki lile lile. Ni nyumba yake, na ana haki ya kusema hapana hata baada ya kusikia. Lakini itakuwa hapana ya mtu aliyeulizwa, na mtoto ataisikia kwa masikio yake, isiwe inapitia kwako kila mara. Mume wako naye, badala ya kusema "mwache mtoto", anaweza kumpigia mamake mwenyewe. Hilo una haki ya kumwomba.

Na sasa usiku wa Ijumaa. Ninaelewa kwa nini uliuwaza. Umechoka, na unataka mtoto asilie. Lakini fuata huo uongo hatua moja mbele. Ukimwambia kinyonga ametoroka, atakwenda kulitazama dumu. Atakiona kitambaa, na atajiuliza nani aliyekifunga vibaya. Aliyekifunga mara ya mwisho ni yeye. Mtoto aliyekwisha kukuuliza "nitakuwa nimemuua mimi?" atapata jibu lake humo, na wewe unayejua ukweli hutaweza kumtoa humo bila kujifichua. Umeniuliza kama ni dhambi. Hilo nakuachia wewe na Mola wako, ila mzigo wake sioni kama ni mdogo, na atakayeubeba si wewe.

Tena maua ya jirani katikati ya Mkomani, paka wetu walivyo wengi na kunguru wakiwa juu ya kila dari, si mahali pa kinyonga dhaifu. Kama utaona kurudishwa ndiko kunakofaa, aliko kwao ni Matondoni, kwenye vichaka vya shamba lile lile. Hata hapo sikudanganyi: porini wachanga wengi huliwa au hufa kwa kiu. Hana mama anayemngoja, na hilo lisiwatese. Vinyonga wa aina hii hutoka ardhini baada ya mayai kukaa miezi mingi, na siku hiyo hiyo huanza kuwinda wenyewe. Kurudi kwake ni kurudi kwenye kazi aliyozaliwa akiijua.

Wapo watakaokushauri umpe maji na viinzi siku chache, macho yarudi nje, ndipo uamue. Lina maana, lakini lina hatari yake pia: siku tatu za mtoto kumwona akila huzaa mapenzi mapya, na kuagana huwa kugumu zaidi. Na huenda, mwanangu, akafa mikononi mwenu hata mkifanya kila kitu sawasawa. Siku tano bila chakula kwa mwili mdogo vile ni nyingi. Likitokea, mwanao ataliuliza tena swali lake. Sitaki kukutungia jibu, kwa sababu atalijua kama limetoka kwako au gazetini. Naona tu kwamba unayo mambo ya kweli ya kumwambia: kwamba mlikuwa hamjui kuwa hula kinachotembea, kwamba wewe mtu mzima hukujua pia, na kwamba mlipojua mlifanya nini. Kama unaona haya kumwendea daktari wa hospitali ya punda hapo Lamu kwa ajili ya kinyonga, usione. Kazi yake ni punda, lakini macho yake yamezoea kumsoma mnyama asiyesema.

Uamuzi wa kumfuga au kumrudisha ni wa nyumba yenu, nami sitauchukua. Ila usiuchukue peke yako usiku wa manane. Yupo bibi mwenye nyumba, yupo baba kwenye simu, yupo mtoto aliyemleta.

Leo jioni, kabla ya magharibi, nyunyizeni majani. Mwache mwanao ashike chupa, nawe kaa kando yake. Mkiona mdomo unafunguka kwenye tone, niandikie. Na ikiwa mtaamua kwenda Matondoni, nendeni asubuhi na mapema, akiwa amekunywa. Msimweke kwenye jani kwa mkono. Kisogezeni kile kijiti chake karibu na kichaka, mtoto akishike kwa utulivu, mpaka kinyonga mwenyewe anyooshe mguu na kushika tawi.

Wako,
Shangazi